Vikombe Vingapi Hadi Mchoro Ufike

Benchi langu liko ukutani, chini ya ngazi za ofisi ya michoro, mahali ambapo jua hufika likiwa limeshachoka. Naliita langu kwa kuwa jiko ni langu na kahawa ni yangu. Mbao zenyewe sijui za nani. Huko juu kuna kampuni ya watu wawili: Injinia, mwenye kampuni, anayechorea watu nyumba naye amepanga chumba, na msaidizi wake Penseli, ambaye ukimwona utajua kwa nini anaitwa hivyo. Intaneti yao ni kongwe kunishinda mimi. Wakimaliza mchoro wanabonyeza kutuma, na hapo ni marufuku kugusa kitu, maana ukipumua vibaya tu inakatika, inaanza upya. Basi wanafunga mlango, wanashuka kwangu, wanangoja. Nyumba ya kawaida ni vikombe viwili. Ghorofa ni birika zima. Hivyo ndivyo tunavyopima kasi hapa.

Siku hiyo ulikuwa mchoro wa zahanati. Mteja alishawaambia kwamba huu ukichelewa kama ule wa kwanza, anatafuta wengine. Na huyo akiondoka, kampuni ndiyo kwaheri. Hilo nililijua hata kabla ya Penseli, kwa sababu mwenye jengo naye hunywa kwangu. Injinia alishuka, Penseli nyuma yake. Fundi Saa akajisogeza kumpisha. Huyu kibanda chake kimeegemea benchi langu, na tangu mkewe ahamie kwa kaka yake, anaongea na chochote chenye masikio.

Fundi Saa: Leo vikombe vingapi?

Injinia: Vinne, Mungu akipenda.

Penseli: Vitano. Nimeweka na mabomba.

Injinia: Leo naamua. Binti wa intaneti yuko njiani. Kuna faiba, ule waya wa kioo unaopita ardhini. Kuna sahani ya paani, inayovuta kutoka setilaiti huko angani. Na kuna kisanduku cha laini ya simu.

Fundi Saa: Waya wa kioo? Chini ya malori haya?

Penseli: Umevikwa, Fundi. Hauvunjiki.

Fundi Saa: Saa zote ninazoletewa zimeandikwa hazivunjiki.

Mimi: Na panya je? Wale wa duka la unga wamemaliza waya wa friji, na ule haukuwa mtamu.

Penseli: Bibi, panya hali kioo.

Mimi: Sawa, mwambie yeye.

Fundi Saa: Haya, chukua sahani. Mvua ikinyesha mchoro unashuka umelowa. Zahanati inafika haina paa.

Penseli: Mchoro haulowi, Fundi.

Fundi Saa: Ulishapanda huko ukaugusa?

Penseli: Ndiyo maana mimi nasema kisanduku. Unachomeka, basi.

Fundi Saa: Kisanduku mnagawana mnara na mtaa mzima. Mama wa saluni akianza tamthilia zake, zahanati yako inasimama njiani kungoja mume afumaniwe.

Tulicheka, hata Injinia kidogo. Fundi akiona watu wamecheka hajui kuacha.

Fundi Saa: Na hiyo kasi yenyewe, mdogo wangu, iogope. Mchoro ukiwahi kufika, mteja anapata muda wa kuutazama. Akiutazama, ataona makosa. Nyinyi mmeponea kwenye kuchelewa. Unamkuta mtu amechoka kungoja, anakubali.

Penseli akamwangalia bosi wake.

Penseli: Hapo kidogo kuna ukweli.

Injinia: Nyamaza, Penseli.

Nikaona na mimi nafasi yangu ndiyo hiyo.

Mimi: Ile ofisi ya bima mtaa wa pili wameweka faiba. Sasa hawasalimiani. Wanaandikiana wakiwa meza moja. Karani wao alifiwa na mama yake, jirani yake wa kiti akamtumia picha ya ua.

Penseli: Nani kakuambia?

Mimi: Anayefagia.

Injinia: Na karani akafanyaje?

Mimi: Alikuja kunywa hapa. Peke yake.

Mengine niliyaongeza chumvi. La karani ni kweli tupu.

Kuna jambo halikusemwa benchini, nawaambia nyinyi. Mke wa Injinia anafanya kazi nje. Wakipigiana simu ya picha, picha inaganda, mama wa watu mdomo wazi, na mume anakaa anaitazama hivyo hivyo mpaka ikatike. Hufanya hivyo hapa benchini, akidhani nakoroga sukari. Penseli anaishi na kitanda. Fundi mmeshamsikia. Mimi wanangu hunipigia, hunisalimia vizuri, huniuliza kama nimekula, wanakata.

Binti wa intaneti akatokea, ngazi begani, waya umemzunguka mkono.

Binti: Shikamoo Bibi.

Mimi: Marahaba, mwanangu.

Binti: Injinia ni yupi? Waya umefika hapo pembeni, nimeshauona. Ukikubali nauingiza sasa hivi.

Injinia: Mchoro kama wetu wa leo utachukua muda gani?

Binti: Una ukubwa gani?

Penseli: Vikombe vitano.

Akatutazama mmoja mmoja akidhani anataniwa. Nikammiminia kimoja ili aelewe.

Mimi: Hiki ni kimoja. Mpaka kiishe, umeeleza habari za kwako, umelalamika kidogo, umenyamaza kidogo. Ndivyo mchoro unavyokwenda.

Binti: Basi huo mchoro, Bibi, utafika hujamimina hata tone.

Hakuna aliyefurahi. Nadhani amezoea watu kuchekelea akiwaambia hivyo, maana alishusha ngazi begani na kutuangalia upya.

Binti: Kwani mnashuka hapa kwa sababu ya mtandao tu?

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Penseli akaanza kuchunguza viatu vyake. Fundi akatoa saa ya mteja mfukoni, akaitia ufunguo, na mimi najua ile saa haina ugonjwa. Injinia alifungua mdomo, ukabaki wazi vilevile, kama wa mkewe.

Simu ya Penseli ikalia. Akasoma, akampa bosi. Nikachungulia, macho yangu bado yanaona yasiyonihusu. Mteja kaandika: nusu imekuja, nusu haipo, nawapa mpaka jioni.

Injinia: Weka waya, binti.

Alisema taratibu, anaangalia kikombe. Penseli akapanda kumfungulia mlango, na baada ya muda tukasikia ukuta unatobolewa, vumbi jeupe likashuka dirishani, likatua juu ya jiko langu.

Fundi Saa: Hicho kitakuwa kikombe cha ngapi?

Injinia: Sijahesabu. Bibi, kipo kingine?

Birika lilikuwa limekauka tangu nilipommiminia yule binti.

Mimi: Kipo.

Nikaliinamisha juu ya kikombe chake, taratibu, mpaka mwisho, halikutoa hata tone. Akakipokea kwa mikono miwili, akakipuliza, akangoja kipoe.