Mzee Wino Anaondoka, Bwana Mbio Anabaki

Baada ya miaka thelathini na sita ya kuchora katuni za gazeti letu, Mzee Wino anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Jina lake la kwenye kitambulisho wengi wetu hatulijui. Hata mhasibu humwita Mzee Wino, na vidole vyake vyeusi vinaeleza sababu. Mimi msahihishaji wa prufu nimeombwa niandike machache, na ninaandika kwa moyo mwepesi.

Alikuja akiwa kijana mwembamba, akapewa meza ya pembeni na nafasi finyu ukurasa wa nne, chini ya matangazo ya vifo. Hapo ndipo alipozaliwa Bwana Mbio, tarishi anayekimbia kutwa na kila mahali anafika amechelewa.

Kuchora hakukusomea darasani. Alijifunza kwa kunakili katuni za magazeti ya zamani, yale ambayo mwenye duka wa mtaani kwao alifungia sabuni. Hutuambia kwamba wachoraji wale wa mwanzo walikuwa na wino wa rangi moja na visanduku vichache tu, kwa hiyo kila mstari ulilazimika kufanya kazi. Matone ya jasho hewani, mtu kahangaika. Mistari miwili nyuma ya kisigino, mtu katoka mbio. Leo vijana wanachora kwenye simu, lakini matone ni yale yale.

Kila Alhamisi alibandika katuni yake kwenye mlango wa chumba cha mitambo, viputo vya maneno vikiwa vitupu. Asipocheka mtu, alichora upya. Kwake, picha inayosubiri maneno ndipo ichekeshe ilikuwa bado haijaiva. Mkaguzi wake mkali alikuwa marehemu mume wangu, fundi mitambo, ambaye hakuona haya kumwambia mbele za watu kwamba Bwana Mbio wa leo kapigwa pasi, arudishwe akaongezwe damu. Mzee Wino alilipiza kwa kalamu. Alimpa Bwana Mbio mwendo wa mume wangu, bega la kushoto chini, kifua kimetangulia miguu. Mume wangu alinung'unika wiki nzima, huku akibeba nakala kwenda kuwaonyesha shemeji zake.

Siku moja mpanga kurasa, katika harakaharaka zake, alibandua karatasi ya mlangoni akaipeleka kuchapwa vilevile. Gazeti likatoka na viputo vitupu. Mhariri wa wakati huo nusura azirai. Wasomaji, kumbe, walifurahi: walijaza maneno yao wenyewe na kututumia. Mama mmoja alieleza kwamba mwanawe, ambaye hajaanza shule, amemsomea gazeti kwa mara ya kwanza. Tangu hapo, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi viputo huachwa wazi makusudi.

Mwezi wa tatu tuliambiwa kwamba Bwana Mbio naye atastaafu, na nafasi yake itapewa tangazo. Tangu nimzike mume wangu, mwendo ule nimekuwa nikiuona ukurasa wa nne tu.

Mzee Wino hakubishana na mtu. Alimkalisha mezani kwake dada mmoja wa usanifu wa kurasa, akaanza kumfundisha bega, kiwiko, kisigino. Alhamisi iliyopita kazi ya dada huyo ilibandikwa mlangoni, bila jina, bila neno. Mhariri mkuu, ambaye kumwona akicheka ni bahati, alipita, akasimama, akarudi kinyumenyume, akacheka mpaka akashika kizingiti. Akauliza ni nani aliyekubali mzee mwenye mkono mwepesi namna hii astaafu. Alipoonyeshwa aliyechora, alivua miwani, akaifuta taratibu, kisha akasema tangazo litafutiwe ukurasa mwingine.

Chumba kizima kilishusha pumzi. Mzee Wino alikwenda kunawa mikono. Mimi nilijifungia stoo nikalia kidogo, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo.

Shemeji, nenda salama. Tunakuombea macho yapumzike, usingizi uwe mrefu, na wajukuu wakuchoshe kwa vicheko. Kwa mengine yote wenzangu watakushukuru ukumbini. Mimi nakushukuru kwa moja: umekubali kuondoka peke yako.