Mkono Uliochonga Nyumba za Mto Vecht

Ndugu waombolezaji, aliyepaswa kusoma ni kaka wa marehemu, sauti imemkatika, basi nasoma mimi mjane wake, Hillegonda, mnisamehe nikienda mbio.

Gosewijn Terlaak alizaliwa Maarssen tarehe 14 Machi 1698, mtoto wa tatu wa mjenzi wa mashua, akasoma kwa mwalimu wa kanisa hadi 1711, mwaka uliofuata akapelekwa Amsterdam kujifunza kuchonga picha kwenye mabamba ya shaba, na mwaka 1721 akapokelewa kuwa fundi kamili katika chama cha mafundi hapa Utrecht. Nyumba za matajiri kando ya Vecht mnazijua kwa picha zake, na miti iliyokuwa bado miche aliichora mirefu, akisema, "Mwenyewe kaipanda kwa hamu, tusimwaibishe."

Tulifunga ndoa tarehe 5 Mei 1726, akazaliwa Aaltje 1728, na Krijn, huyu niliyembeba, Februari mwaka huu.

Aprili 1730 macho yake yaliingia ukungu, tukaficha, akaniambia, "Mama Aaltje, shika kalamu ya chuma, mimi nitapapasa." Mara ya kwanza, tukichonga nyumba moja ya tajiri, nilisahau kwamba kwenye bamba kila kitu huchongwa kinyume ili karatasini kikae sawa, mto ukatokea upande wa zizi, mtunza bustani wa nyumba hiyo akaja dukani akicheka, "Bwana Gosewijn, mto wetu umeuhamishia wapi, mbona jana nimevua kulekule?" naye akajibu, "Nilikuwa nimelewa, ndugu yangu," mtu ambaye hata bia ya harusi yake hakuimaliza.

Homa ya kifua ilimshika tarehe 20 Oktoba, akafariki Jumapili tarehe 9 Novemba 1732, saa nne asubuhi.

Wazee wa chama, Jumatatu mnaketi kuamua kama mtambo wake wa kuchapa uuzwe, kwa kuwa duka la mjane lazima liwe na mkono uliofunzwa, na mnasema hakuna. Naogopa, lakini nasema. Mabamba manane ya mwisho, yale mliyoyasifu kwamba fundi huyu anazidi kukomaa, niliyachonga mimi. Kwa kuficha niadhibuni, ila mkono upo.

Tunamshukuru daktari aliyekuja bila kuitwa, majirani waliobeba jeneza, na mafundi waliofunga maduka leo.

Pumzika kwa amani, Gosewijn, bamba uliloliacha bila mawingu nitalibeba Jumatatu, niyachonge mbele ya wazee wa chama.