Mzee Tulia na Korongo wa Bwawa la Tatu

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mpiga picha wetu anastaafu baada ya kuitumikia Mamlaka ya Maji kwa miaka thelathini na mmoja. Jina lake limo kwenye faili la utumishi. Sisi tunamwita Mzee Tulia, kwa sababu ndilo neno alilotuambia sote, kuanzia mkurugenzi hadi mfagiaji, kabla ya kubonyeza kamera. Mimi, mhariri wa jarida hili, nimeagizwa niandike wasifu mchangamfu wa ukurasa mmoja. Nitajaribu.

Aliajiriwa kupiga picha za mabomba yaliyopasuka na mita zilizochezewa. Mwaka wake wa tisa kazini, tangi letu kubwa la juu lilipata nyufa, na kwa kuwa hakuna fundi aliyekuwa na hamu ya kupanda kuzitazama, ofisi ikamnunulia lenzi ya kuvuta vitu vya mbali, ndefu kama mkono wa mtu mzima. Mafundi wakaibatiza "bomba". Nyufa zikazibwa, lenzi ikabaki, na Mzee Tulia akagundua kwamba mabwawa yetu ya majitaka, ambayo wengine tunayapita tumeziba pua, yamejaa ndege.

Basi mchana, wenzake wakienda kantini, yeye alibeba bomba lake, kigoda na chupa ya chai, akajibanza kwenye matete. Siku moja dereva wa gari la kunyonya majitaka alimkuta hatikisiki, akadhani amezimia, akamgusa bega. Mzee akang'aka: "Tulia bwana, mdiria anataka kuchupa majini!" Mdiria akaruka zake, na wawili hao hawakusalimiana wiki nzima. Lakini picha zake zilipamba kalenda zetu miaka kumi na miwili mfululizo. Wateja waliokuja kutugombeza kwa mifereji mikavu waliondoka na kalenda kwapani.

Alikuwa na sharti moja tu: penye kiota hapatajwi. "Mdogo wangu," aliniambia siku ya kwanza aliponiletea picha, "picha ni ya watu wote, kiota kina wenyewe." Nikaitikia. Kuitikia ni rahisi.

Miaka kumi iliyopita, korongo wawili wenye taji walijenga kiota kwenye matete yetu. Mzee Tulia aliwavizia kwa mbali siku kumi na saba, hadi akampata mmoja wao anageuza mayai kwa mdomo, matone ya mvua yamemganda kwenye taji. Ofisi hii haijawahi kutoa picha nzuri kuliko ile. Nikaiweka ukurasa wa mbele, na chini yake, kwa kimbelembele changu, nikaandika: "Bwawa la Tatu, hatua mia mbili kutoka lango la nyuma." Nilitaka watu wajue kuwa ni hapa hapa kwetu. Hakuna aliyenituma.

Jumatatu wakuu wa idara walileta wageni. Jumanne wakaleta watoto wao. Kufikia Alhamisi matete yalikuwa yamekanyagwa yakawa njia, na mtu mmoja alisimama kando ya mayai na simu yake, anajipiga picha huku anacheka. Korongo hawakurudi. Mayai matatu yakapoa pale pale. Mzee Tulia aliyafukia kwa jembe la mtunza bustani, akaja ofisini kwangu na tope magotini, akasimama mlangoni, akaondoka. Heri angenitukana.

Tangu siku hiyo hakuleta ndege tena. Mtu aliyeweza kumsubiri korongo siku kumi na saba alitumia miaka kumi kupiga picha za mameneja wakishikana mikono na mameneja wenzao, nami nikazichapisha zote. Wakubwa walisema sasa amekomaa kikazi. Loh! Alikuwa amevunjika moyo, na aliyemvunja ni mimi. Sisi watu wa maji tulipaswa kuwa wa kwanza kujua kwamba yakimwagika hayazoleki. Nilimwomba radhi zaidi ya mara moja. Kila mara alijibu, "Yamepita, mdogo wangu," kwa sauti ile ile anayomjibia karani wa masjala.

Zawadi aliyoandaliwa ni saa ya ukutani na picha ile ile ya korongo, imekuzwa. Nikasema jamani, si hiyo! Nikaambiwa fremu imeshakatwa.

Juzi, akiwa njiani kurudisha kamera na lenzi stoo, alipitia kwangu. Alifunga mlango, akawasha kamera, akanipa nitazame kwenye kioo chake kidogo. Korongo wawili wenye taji, na kati ya miguu yao vifaranga wawili wenye rangi ya mchanga. Picha ya mwaka huu. Nilitazama mpaka machozi yakanilenga. Sikuuliza ni wapi. Niliuliza tu kama naweza kuiweka ukurasa wa mbele, bila maelezo, bila hata neno moja. Alinitazama kwa upole kabisa, akaichukua kamera mikononi mwangu, akaifuta picha mbele ya macho yangu. Kisha akaenda stoo.

Ndiyo maana toleo hili lina mameneja wanaoshikana mikono ukurasa wa mbele. Aliwapiga yeye, na wametulia vizuri.

Asante, kaka, kwa miaka thelathini na mmoja. Mamlaka inakutakia mapumziko mema. Mimi nakutakieni maisha mema, wewe na wale wanne, huko huko waliko. Usituambie.