Bi. Hilda Nyamhanga na Msitu Tuliofagia

Tarehe 30 Juni, Bi. Hilda Nyamhanga, mtafiti wa viumbe wa udongo, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kituo chetu cha misitu hapa Butiama. Ana hofu moja tu: nani ataulinda ule msitu mdogo nyuma ya ofisi akishaondoka? Kamati ya sherehe imenipa mimi, mtunza stoo, kazi ya kuandika wasifu huu. Sikuomba. Lakini kwa kuwa hakuna aliyenichosha duniani kama yeye, ninayo ya kusema.

Bi. Hilda alizaliwa Murangi, akasoma Musoma, kisha Morogoro, akaletwa kwetu akiwa bado msichana. Tulitarajia mtafiti wa misitu atazame juu, kwenye miti. Yeye akapiga magoti akaanza kuchimba. Koleo zangu, ndoo zangu, hata chujio la chai la ofisini, vyote vilirudi na tope, na vingine havikurudi kabisa.

Swali lake lilikuwa hili: utitiri, jongoo, tandu na wenzao wa ardhini wanaishi kwa kula nini? Sote tulijibu, majani yaliyooza. Yeye akasema mizizi. Mti hutengeneza sukari kwenye majani, huishusha chini, na mizizi huivujisha kidogo kidogo udongoni. Bakteria na kuvu hula hiyo sukari, wadudu wadogo huwala hao, na wakubwa huwala wadogo. Haya alitueleza vikaoni, kwenye chai, na kwenye msiba mmoja kule Nyasho, jamani, jeneza likiwa bado halijatoka ndani.

Ili atushinde, akatenga vipande viwili vya ardhi katikati ya miti. Kimoja alikizungushia mtaro uliokata mizizi yote inayoingia, majani akayaacha yaanguke. Cha pili hakukigusa.

Mara tukasikia anakuja mgeni kutoka wizarani. Bi. Hilda alikuwa Murangi akimuuguza mama yake. Sasa mgeni anakuja, wewe unaacha majani yametapakaa? Kwa mila ipi? Tukafagia. Mgeni akaahirisha, akaahirisha tena, nasi tukafagia kila asubuhi masika yote, mpaka kile kipande cha pili kikang'aa kama uwanja unaosubiri wakwe. Cha mtaro tulikiacha. Nani aruke mtaro na fagio mkononi?

Aliporudi alishika kichwa. "Ninyi watu mnafagiaga hadi msitu?" Akalia. Kweli, alilia, na mimi nilikasirika, maana hakuna aliyetushukuru kwa usafi ule.

Akachimba hivyo hivyo. Pale tulipofagia, wadudu walikuwa wamepungua kidogo tu kuliko kwingineko msituni. Kwenye mtaro, penye majani tele lakini mizizi imekatwa, walibaki wachache mno. Basi akalirudia jaribio miaka na miaka, safari hii yeye mwenyewe akitusimamia tufagie. Majibu yakawa yale yale. Sifa zikaenda kwake, migongo ikatuuma sisi.

Wa kuchukua nafasi yake hajapatikana mpaka leo. Kila tukiuliza, tunaambiwa tusubiri. Tumechoka kusubiri!

Wiki iliyopita mafundi wa maji walifika kutoka Bunda, wakitaka kupitisha bomba katikati ya msitu kwa kuwa ndiyo njia fupi. Bi. Hilda alikuwa Musoma kwa fundi cherehani, kujaribisha gauni la sherehe. Nilitoka nikawaonyeshe pa kuweka vifaa. Nikajikuta nimesimama mbele ya mti wa kwanza, nawafokea habari za sukari, kuvu na utitiri mpaka sauti ikakauka. Kiongozi wao, Gibson, akaniuliza kama mimi ndiye mtaalamu wa hapa. Nikamwambia ndiyo. Bomba limezungukia barabarani.

Bi. Hilda, asante kwa kazi yako, na asante kwa kutuchosha. Nenda Murangi salama, Mungu akupe afya na siku nyingi za kukaa na wajukuu. Msitu niachie mimi.

Samweli Wanzagi, Stoo