Suzanne Vahwere, Aliyeipa Kompyuta Saa Yake ya Usafi

Baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, Mama Suzanne Vahwere, katibu wa shirika letu la wakulima hapa Bunia, alistaafu tarehe 30 Juni. Aliingia kwetu akiwa hodari wa kupiga taipu na mkali kwa wachelewaji. Ametoka hivyo hivyo, ila siku hizi anacheka zaidi.

Tuliofanya kazi naye hatutasahau mwaka ule barabara zilipokuwa zinafunguliwa asubuhi na kufungwa mchana kwa sababu za usalama. Ofisi ikafungwa, naye akapeleka kompyuta nyumbani kwake ili aandike ombi la mbegu kwa familia zilizoanza kurudi Gety. Mvua ilikuwa karibu. Ombi likichelewa, watu wale wangekuwa wamerudi kuangalia magugu.

Huko nyumbani kompyuta ikaleta vituko. Kila Mama Suzanne alipoiacha na kwenda kukoroga mboga ya sombe jikoni, ilianza kuunguruma yenyewe. Akirudi na kuigusa, kimya. Mumewe, Papa Hippolyte, dereva wa lori wa zamani, hakupendezwa.

"Suzanne, hii mashini iko na akili mubaya," alisema. "Inangoja weye unatoka!"

Akajipa kazi ya ulinzi. Alivuta kiti, na kila ilipoanza kuunguruma akasukuma kipanya kwa kidole. Hata wageni aliwasalimu kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa kazini. Nyumba ikatulia, naye akajisifu mtaani kote.

Kumbe kompyuta ilikuwa inajitunza tu. Mtumiaji akipumzika, yenyewe inafagia takataka zake, inatafuta virusi na kujiweka sawa. Mlinzi wetu aliizuia kwa majuma mazima, na kazi ikarundikana. Siku ya mwisho ya kutuma ombi, ikajizima, ikajiwasha, ikaandika kwenye kioo kwamba iko katika matengenezo, isizimwe. Wakati huo huo jenereta ilikuwa inakohoa, mafuta yamebaki kidogo. Ikizimika katikati, kazi yote ingepotea.

Mama Suzanne alitoka mbio hadi barabarani, mwiko mkononi.

"Esansi! Nani iko na esansi?"

Upande mmoja wa nyumba yake alikaa Papa Adolphe, upande wa pili Mama Annette. Tangu vurugu za nyuma hawakuwa wanasalimiana. Wote wawili wakatokea na chupa za mafuta, wakakutana mlangoni na kusimama.

"Tangulia weye," akasema Mama Annette.

"Hapana, mama, tangulia weye," akajibu Papa Adolphe.

"Muingie wote, jenereta inakufa!" akafoka Mama Suzanne.

Wakaingia. Mmoja alishika mpira wa kumiminia, mwingine akainamisha chupa. Kisha wakaketi na Papa Hippolyte, wakinywa chai na kutazama asilimia zikipanda, wakishangilia kama mashabiki wa mpira. Jioni ombi likaenda. Mbegu zilifika Gety kabla ya mvua. Majirani hawakuwa marafiki kwa siku moja, lakini kesho yake asubuhi walisalimiana.

Baadaye Faida, fundi wa kompyuta wa mtaa, alimwonyesha Mama Suzanne namna ya kupanga saa ya matengenezo: adhuhuri, jenereta ikiwaka na watu wakila. Papa Hippolyte aliuliza kwa huzuni, "Sasa nani ataichunga?"

"Hakuna mutu," akajibu Mama Suzanne. "Uiache ifanye kazi yake, na weye ukule."

Sheria hiyo aliileta ofisini. Saa sita ikifika alipita meza kwa meza akituondolea mikono kwenye vitufe. Hatujapoteza ripoti tangu hapo, na hakuna aliyewahi kukosa chakula cha mchana.

Kwenye sherehe ya kumuaga, akina mama wa Gety walimletea mbuzi. Viongozi waliokosa hotuba zao watusamehe: mbuzi alizifikia kwanza, akazitafuna, na sherehe ikaisha mapema.

Asante, Mama Suzanne, kwa kazi na kwa moyo. Mungu akupe afya, jamaa wengi mezani na miaka mirefu ya amani katika Ituri yetu.

Edouard, kwa niaba ya wafanyakazi wote