Shanga Zilizonirudisha Kwenye Sinia

Wale wa salaam, assalaam alaykum. Wale wa Bwana asifiwe, Bwana asifiwe sana. Na nyinyi mliokaa karibu na mlango mkingoja chai, hamjambo pia. Chai inakuja, lakini mama mwenyekiti amesema mnisikilize mimi kwanza.

Naona leo kikundi chetu cha shanga kina dada wapya. Mmeketi kwenye mkeka na vikopo vyenu vya shanga, hata kuvifungua mnaogopa. Nimeambiwa nisimame niwape moyo. Mimi si mwalimu. Mimi ni mwanamke wa hapa hapa Busia, nilikuwa nauza sambusa, na mdomo wangu mnaujua. Siku hizo nilikuwa nakunja sambusa huku nagombana na mteja, na mikono haikosei hata kona moja.

Mvua ya siku moja ikanibadilishia yote. Nilikuwa narudi kutoka Tororo kwa bodaboda. Tulipofika Mukuju pikipiki ikateleza kwenye tope, tukajikuta mtaroni, na mkono wangu wa kulia ukavunjika. Watu waliokuwa shambani walitupa majembe wakaja kunibeba, na mpaka leo siwajui majina. Hospitali wakanifunga plasta. Ilipofunguliwa, mfupa ulikuwa umeunga vizuri, lakini vidole vilikuwa vimekauka. Naviambia kunjeni, vinaniangalia tu. Daktari akasema nivipe kazi ndogo ndogo kila siku. Mimi nikarudi nyumbani, nikaufunga mkono ndani ya leso, nikaulaza mapajani kama mtoto wa jirani.

Ndugu zangu, nawaambia, kilichoniuma zaidi si sambusa. Ni sinia. Mume wangu ni mtu wa malori, leo yuko, kesho hayuko, kwa hiyo tangu niolewe mimi na mama mkwe tunakula sinia moja. Hapo ndipo tunapotetana na hapo ndipo tunapopatana. Hapo ndipo anaponisogezea mnofu kwa kidole, anajifanya hakukusudia. Sasa sinia ni mkono wa kulia, na wangu ndio huo umelala. Mama mkwe akaniambia, "Mwanangu, mwenye udhuru amesamehewa. Tumia wa kushoto." Nikamwambia mama, wa kushoto niutie kwenye chakula chako? Kazi ya huo mkono si tunaijua wote? Msicheke. Nikachukua sahani na kijiko, nikaenda kula jikoni peke yangu. Hakuna aliyenifukuza. Nilijifukuza mwenyewe, na huku namsikia mama wa watu anatafuna peke yake upande wa pili wa ukuta. Niliumia sana.

Nikakaa hivyo mpaka akaja jirani yangu. Ni Msamia, mkulima, mwanakwaya, na shanga anazitengeneza nyumbani kwake miaka mingi. Jina sitaji, lakini mkigeuka mtamwona anajifunika uso na leso. Aliingia bila hodi, akamwaga shanga kwenye ungo mbele yangu. "Mama, wewe nakaa hivi mpaka lini?" akasema. "Mkono yako haikufa. Iko na usingizi tu."

Nikamwambia sitaki shanga, mimi si mtoto.

"Mimi sikuuliza kama wewe nataka."

Akanionyesha. Uzi ni nailoni, ule wanaovulia samaki ziwani kule Majanji, haukatiki ovyo. Shanga ya kwanza unaizungushia uzi na kufunga fundo, inakaa pale kama askari wa mpakani, hapiti mtu. Ndipo unazipanga nyingine. Mimi nilishika sindano kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia nikaulaza juu ya uzi uwe kama jiwe la kukandamizia. Nikapanga nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeupe, jasho linanitoka. Nikainua nimwonyeshe mama mkwe, na askari sikumweka! Shanga zote zikamwagika, kuku wakafika kabla yangu. Wiki ile tuliokota shanga mahali ambapo sitawaambia.

Nikasema basi, shanga za kioo si zangu, nitafanya za karatasi. Hizi ni rahisi. Unakata karatasi ngumu ndefu, upande mmoja mpana, mwingine mwembamba, unaiviringisha kwenye njiti, unapaka gundi, ikikauka unapaka vanishi. Lakini mimi mjuaji. Gundi ya dukani ya nini na muhogo ninao? Nikapika uji mzito wa unga wa muhogo, nikaviringisha kalenda nzima ya ukutani, na vanishi nikaona itangoja. Nikatundika mikufu kwenye kamba ya nguo, inapendeza kweli kweli, nikaingia kusali. Kutoka, mbuzi anamalizia wa mwisho. Muhogo na karatasi, mbuzi atake nini tena? Mama mkwe akasimama mlangoni akamtazama mbuzi. "Haya," akasema, "na mwaka huu siku zetu zote ziko tumboni mwa huyu. Ramadhani tutamuuliza yeye."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nianguke kucheka mpaka machozi. Lakini chakula kilipoiva, bado nilichukua sahani yangu nikaenda jikoni.

Sasa sikilizeni. Mpwa wangu akaposwa huko Tororo, na akataka mkufu wa arusi autengeneze shangazi yake. Nikakataa, akalia, nikakubali. Akasema nailoni inamchoma shingoni, nitumie uzi laini wa kushonea. Jirani aliniambia, "Shanga ya kioo iko na meno, itakula hiyo uzi." Sikumsikia. Nikautengeneza kwa mkono wa kushoto, nikauvuta, nikaona umekaza, nikafurahi.

Siku ya nikahi, watu wa bwana arusi wameshaketi sebuleni, sheikh amefika, sisi wanawake tuko chumbani na bibi arusi. Akainama afungwe mtandio. Tap! Shanga chini ya kitanda, shanga ndani ya viatu, shanga kwenye udi. Bibi arusi akaanza kulia na wanja wote ule. Mimi hasira zikanipanda. Nikawaambia nyamazeni nyote, okoteni. Nikakaa sakafuni, nikanyoosha mkono kwa jirani yangu, naye akatoa nailoni kwenye mkoba, maana alikuja nayo, anajua mimi sisikii. Nikaweka askari. Nikapanga. Nyeupe, nyeupe, dhahabu. Nyeupe, nyeupe, dhahabu. Wananiletea, natunga, nawagombeza, natunga.

Mama mkwe alikuwa ameinama kuniangazia na simu. Nikaona mwanga unatikisika. Nikamwambia mama, shika vizuri, sioni. Akasema polepole, "Mwanangu. Sindano umeishika na mkono gani?"

Nikatazama. Wa kulia, wallahi. Kidole gumba na cha shahada vimeibana sindano, vinatetemeka, lakini vimeibana. Wa kushoto ndio umeshika uzi. Sijui vilianza lini. Jirani anajua, alikuwa anavitazama muda wote, hakusema nisije nikashtuka.

Mama mkwe akapiga kigelegele. Kirefu! Walioko barazani wakadhani bibi arusi anatoka, wakapokea. Jikoni wakapokea. Wanaume sebuleni wakasimama, sheikh akasimama, na bibi arusi bado hana mkufu! Mimi niko sakafuni nalia na kucheka, nafunga fundo la mwisho.

Baada ya nikahi pilau ikaletwa. Kwa mazoea nikaenda kutafuta sahani na kijiko. Mama mkwe akaninyang'anya kijiko, akakitia kifuani mwake. "Nawa," akasema. Tonge la kwanza liliniangukia mapajani. La pili likafika. Pilau ile ilikuwa imepungua chumvi, wapishi wenyewe wanajua, na mimi sijala tamu kama ile maishani mwangu.

Nawashukuru wale wa Mukuju, popote walipo. Namshukuru daktari ambaye sikumsikia, na jirani ambaye hakunisikia. Namshukuru mpwa wangu, shingo yake ilivumilia nailoni.

Na nyinyi dada zangu wapya, fungueni hivyo vikopo. Mtamwaga, sote tulimwaga. Mimi nilikuwa nangoja mkono upone ndipo nirudi kwa watu wangu. Msingoje hivyo. Nendeni kwa watu na mkono huo huo mlio nao, mengine yatafanyikia huko.

Chai nyweni, mimi sibaki. Mama mkwe miguu inamsumbua, hakuweza kuja. Asubuhi ameniambia nisikawie, leo ni samaki, na hataonja mpaka nifike.