Mama Ngalula Jeanine, Aliyeulizia Kamiyo Mpaka Mununga

Mama Ngalula Jeanine alizaliwa Kilwa, upande wa Kongo wa ziwa Mweru, tarehe 14 Machi 1976. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Baba Hippolyte na Mama Mujinga, ambaye yuko nasi hapa leo.

Alisoma Kilwa, kwanza shule ya msingi, kisha sekondari mpaka mwaka wa nne. Walimu walimjua kama mtoto ambaye hakai chini mpaka swali lake lijibiwe. Vita ndiyo iliyomtoa Kilwa. Mwaka 1999 alivuka ziwa pamoja na mama yake kuingia Zambia, akaishi katika kambi ya wakimbizi Kala, kisha akahamia Kashikishi na kuanza kuuza chisense, wale samaki wadogo wa kukausha.

Mwaka 2004 akina mama wa samaki walichanga pamoja ili wanunue kamiyo yao wenyewe, yaani lori, ya kufikisha mzigo mjini Mansa. Walipata moja, imepakwa rangi ya buluu, inang'aa. Muuzaji, ambaye hatumtaji leo, aliapa kwamba ilikuwa ya mwalimu mmoja tu, mtu wa kuendesha polepole. Wote walifurahi. Jeanine alitandika kitenge chini, akaingia chini ya kamiyo, akakuta shasi, ule uti wa chuma unaobeba gari, imeungwa kwa kuchomelewa.

"Hii kovu ni ya nini?" akauliza.

"Ilitoka nayo kiwandani," muuzaji akajibu.

Jeanine hakuridhika. Alizunguka kwa madereva kituoni, mmoja baada ya mwingine, mpaka mzee mmoja akaitambua: chini ya ile rangi, ilikuwa kamiyo ya Levy Kapembwa wa Mununga. Mama Deborah, mkubwa wa kikundi, alikasirika.

"Jeanine, unatuchelewesha! Chisense inaoza, na weye uko unaulizia motokari sawa vile batu banaulizia bwana arusi."

"Chisense ikioza tutapata ingine," Jeanine akasema. "Mama mumoja akifia mu ile kamiyo, tutamupata wapi mwingine?"

Akapanda gari la mzigo kwenda Mununga. Alimkuta Levy Kapembwa nyumbani, anatembea na fimbo. Levy alimweleza yote bila kuficha. Kamiyo ilipinduka naye barabarani. Mdogo wake, aliyekuwa anaendesha, alikufa palepale, na shasi ikakatika vipande viwili.

"Mimi niliuza byuma, mama," alisema. "Sikuuza kamiyo."

Jeanine alimwomba aje kusema maneno hayo Kashikishi, mbele ya wenzake. Levy hakupenda kuiona tena ile kamiyo, lakini alikuja. Alisimama mbele yake na fimbo yake, akasema, akataja na jina la mdogo wake. Mama Deborah ndiye aliyemletea kiti. Muuzaji aliondoa kamiyo yake siku hiyohiyo. Baadaye kikundi kilinunua nyingine, kuukuu na mbaya kwa sura, lakini nzima. Jeanine aliuliza habari za wote walioimiliki kabla. Ilibeba akina mama hao miaka mingi na haikumuua hata mmoja.

Levy alirudi tena Kashikishi, na safari hii hakuja kwa habari ya kamiyo, alikuja kuposa. Jeanine alimwambia, "Motokari niliulizia. Bwana pia nitaulizia." Na kweli alikwenda Mununga kwa mama mzazi wa mke wa kwanza wa Levy, aliyekuwa amefariki, akamuuliza mkwe wake alikuwa mtu wa namna gani. Bibi huyo mzee akamjibu, "Anakoroma, lakini hapige mutu." Walifunga ndoa kanisani tarehe 23 Julai 2005. Mungu aliwapa watoto wawili, Reine na Méschac. Tangu habari ya ile kamiyo, watu wa Chienge na wa Mofwe walikuwa wanampigia simu kabla ya kununua motokari yoyote.

Ugonjwa wa kansa ya kizazi ulimshika mwaka 2024. Ili atibiwe Lusaka, familia iliamua kuuza motokari yao ndogo. Siku mnunuzi, Bwana Hervé, alipokuja, Levy aliinama kitandani, akamnong'oneza, "Bibi, leo nyamaza tu. Ni dawa yako hii."

"Na yeye iko na batoto," Jeanine akasema. Akamwita Hervé ndani. "Injini inakunywa mafuta. Tuliifungua mara mbili. Kama unaitaka vile iko, chukua."

Hervé aliichukua, lakini alishusha bei. Levy alitoka nje kwa hasira, akakaa peke yake mpaka jua likazama. Kisha akaingia, akamlisha uji. Walikwenda Lusaka, akapata sehemu tu ya matibabu, kadiri pesa zilivyotosha, na nguvu zikamrudia kidogo.

Mwezi wa kumi mwaka 2025 alizidiwa. Reine alikuwa katika mtihani wa kumaliza sekondari, akataka kuuacha ili amwuguze. Mama yake alikataa. Akamshika Levy mkono, akasema, "Hata nikikufa, mutoto amalize kwanza kuandika."

Aliaga dunia nyumbani, hapa Nchelenge, jirani na Kashikishi, Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, asubuhi, wakati Reine ameketi kwenye karatasi yake ya mtihani. Levy alikwenda shuleni na fimbo yake, akakaa nje ya mlango, hakuruhusu mtu yeyote kuingia na habari. Reine alimaliza kuandika. Alitoka, akamwona baba yake, akaelewa.

Marehemu ameacha mume, Baba Levy Kapembwa. Watoto, Reine na Méschac. Mama mzazi, Mama Mujinga. Ndugu zake wa Kilwa. Na akina mama wote wa samaki wa Kashikishi.

Mama Jeanine, kazi uliyopewa umeifanya yote. Bwana akupokee, ulale katika amani yake.